Namna ya Kula Katika Trattoria ya Mtaani Mjini Roma

Mtu aliyekulia Afrika Mashariki akisikia neno "hoteli" hafikirii vitanda kwanza. Hufikiria meza, birika la chai na mhudumu anayetaja kwa mdomo vyakula vilivyopo siku hiyo. Trattoria ya Kiitalia ni ndugu wa hoteli ya namna hiyo. Mara nyingi huendeshwa na familia moja, menyu yake ni fupi, vyakula vyake ni vya mkoa ule ule, na wengi wa walaji ni watu wa mtaa wanaojuana na mhudumu. Hata hivyo ina taratibu zake, na msafiri asiyezijua huweza kulipa asichokusudia, kula asichoruhusiwa na dini yake, au kuondoka akidhani amepuuzwa ilhali ametendewa kama wateja wengine wote. Maelezo haya yanahusu Roma, na hasa mtaa wa Testaccio, kwa sababu chakula chake kiko karibu na chetu kuliko msafiri anavyotarajia.

Mahali na saa

Testaccio ulikuwa mtaa wa machinjio. Machinjio makuu ya jiji yalijengwa pale mwishoni mwa karne ya 19, yakafungwa mwaka 1975. Minofu mizuri ilikwenda kwa wenye fedha, na wafanyakazi walipewa sehemu ya ujira wao kwa vile vilivyobaki: mkia, matumbo, moyo, mapafu, ulimi. Warumi huviita "quinto quarto", yaani robo ya tano, kwa maana ng'ombe akishagawanywa robo nne, hivyo ndivyo vinavyosalia. Vibanda vya divai vya jirani vilijifunza kuvipika kwa moto mdogo na kwa saa nyingi, na mapishi hayo ndiyo yanayoupa mtaa huo jina hadi leo. Kwa mlaji aliyezoea supu ya utumbo asubuhi au makongoro jioni, hakuna haja ya kushawishiwa. Ni kujua tu maneno ya kuagizia.

Mlangoni utaona majina mbalimbali: ristorante, trattoria, osteria. Zamani ristorante ilikuwa ya watu wa kitambaa cheupe, trattoria ilikuwa ya chakula cha nyumbani, na osteria ilikuwa ya divai, lakini siku hizi majina hayo yamechanganyika na hayathibitishi kitu. Tazama menyu iliyobandikwa nje. Ikiwa ni fupi, imeandikwa kwa Kiitalia kwanza, ina bei kamili na haina picha za vyakula, hiyo ni dalili njema. Ikiwa kijana amesimama barabarani akikuvuta kwa lugha tano, endelea na safari. Umbali wa kutembea dakika kumi kutoka kwenye majengo maarufu ya kale hubadilisha bei na chakula pia.

Saa ndizo huwatesa wageni wengi. Jiko la mchana hufunguliwa takriban saa sita na nusu hadi saa nane na nusu, kisha hufungwa kabisa. La usiku hufunguliwa saa moja na nusu, ambayo wao huiandika 19.30, na wenyeji wengi hukaa mezani saa mbili na nusu au baadaye. Ukifika saa kumi na moja jioni ukiwa na njaa, usigonge mlango wa trattoria. Nunua kipande cha "pizza al taglio" dukani, pizza inayokatwa kwa mkasi na kuuzwa kwa kupimwa, nacho kitakutosha mpaka usiku. Angalia pia siku ya mapumziko ya wiki, ambayo huandikwa mlangoni kwa neno "chiuso", na ukisafiri mwezi wa Agosti tarajia sehemu nyingi za familia kufungwa siku za karibu na tarehe 15, sikukuu yao kubwa ya kiangazi.

Kwa Ijumaa, Jumamosi na mchana wa Jumapili, wekesha meza mapema, hata asubuhi ya siku hiyo hiyo, kwa simu au kwa kupita mwenyewe. Msemaji wa Kiswahili ana bahati hapa: irabu za Kiitalia hutamkwa karibu sawa na zetu, hivyo ukisoma "un tavolo per due, alle otto" kama unavyosoma Kiswahili, utaeleweka kwamba unataka meza ya watu wawili saa mbili usiku. Shika mambo mawili tu: herufi c ikifuatwa na e au i husomwa "ch" yetu, na wanapoandika "ch" wao husoma "k". Kwa hiyo ule mkate wa kuchoma unaoandikwa bruschetta husomwa brusketa.

Kuingia na kukaa

Salimia kabla ya kusema neno lingine lolote. Mchana sema "buongiorno", na kuanzia alasiri sema "buonasera". Wasomaji wa Malindi, ambako Waitalia wamekaa kwa miaka mingi na neno "ciao" limeenea hadi kwa watoto, watahadhari kidogo: neno hilo ni la watu wanaozoeana. Kumwambia mama mwenye mgahawa "ciao" ukiwa hujawahi kuonana naye ni kama kumwambia mzee wa watu "mambo" pale alipostahili shikamoo. Hatakufukuza, lakini salamu kamili hubadilisha uso wake papo hapo, na mengi ya jioni hiyo yatategemea uso huo.

Usijiketishe. Simama karibu na mlango, taja idadi yenu, na usubiri kuonyeshwa meza. Ukishakaa, meza ni yako, na katika trattoria za kawaida hakuna atakayekuharakisha, ingawa zile zenye watu wengi siku hizi hupokea wageni kwa zamu mbili na hukwambia mapema. Mhudumu ataleta mkate na kukuuliza maji. Maji ya bomba ya Roma ni salama na hutiririka bure katika vibomba vya chuma vilivyosimama mitaani, lakini mezani desturi ni kununua chupa: "naturale" ni maji ya kawaida, "frizzante" ni yenye gesi. Asiyekunywa divai aseme "solo acqua", maji tu. Hakuna atakayeuliza sababu.

Mkate una hesabu yake. Sehemu nyingi za Italia hutoza "coperto", ada ya kila mtu kwa ajili ya meza na mkate, ambayo kwa kawaida huwa kati ya euro 1 na 3. Mkoa wa Lazio, ambamo Roma imo, uliipiga marufuku ada hiyo kwa sheria ya mwaka 2006, lakini mkate wenyewe unaweza kutozwa, na ndiyo maana kwenye bili ya Roma utaona neno "pane". Usipoutaka, urudishe kabla hujaugusa. Mimi nashauri uuache mezani, kwa sababu nitakayoieleza mbele.

Menyu na mpangilio wake

Menyu hupangwa kwa hatua: antipasto ni kitangulizi, primo ni tambi, wali au supu, secondo ni nyama au samaki, contorno ni mboga, dolce ni kitamutamu. Hakuna anayekulazimisha kupita hatua zote. Mlo wa kawaida wa mtu mmoja waweza kuwa primo na contorno, au antipasto mnayogawana na secondo, na mhudumu hatakunja uso. Sahani ya tambi katika trattoria ya Roma mara nyingi huwa kati ya euro 10 na 15, nayo hushibisha.

Jambo linalowashangaza watu wetu ni kwamba tambi si kitoweo wala si chakula cha kusindikiza nyama. Kwetu nyama huja na ugali, wali au ndizi, na sahani isiyo na wanga huonekana haijakamilika. Pale tambi huliwa peke yake, ikaisha, sahani ikaondolewa, ndipo nyama ije, nayo huja ikiwa peke yake. Ukiagiza mwanakondoo wa kuchoma, "abbacchio a scottadito", utaletewa mbavu za mwanakondoo na kipande cha limau, basi. Viazi au mboga ni lazima uviagize kwa jina kwenye orodha ya contorni. Wageni wengi hudhani wamepunjwa, kumbe hawakuagiza.

Kabla ya kuchagua, uliza: "Che cosa c'è oggi?", leo kuna nini? Swali hili lina thamani kuliko kusoma menyu mara tatu. Roma ina desturi ya zamani ya kupika kwa siku: Alhamisi ni gnocchi, yale madonge madogo ya viazi; Ijumaa ni samaki, kwa sababu ya mfungo wa Kikatoliki; Jumamosi ni matumbo. Si kila jiko linaifuata tena, lakini linaloifuata huwa linapika kwa moyo, na chakula cha siku hakijalala. Msimu nao una neno lake. Artichoki, mboga yenye umbo la ua lililofumba, huwa katika ubora wake kuanzia mwisho wa majira ya baridi hadi masika, na wakati wa baridi hupatikana "puntarelle", machipukizi machungu yanayokorogwa kwa kitunguu saumu, siki na samaki wadogo wa chumvi ambao mlaji wa dagaa atawatambua mara moja.

Tambi nne ndizo nguzo za meza ya Kirumi, na ukielewa moja umeelewa zote. Gricia ni tambi kwa guanciale, yaani nyama ya shavu la nguruwe iliyokaushwa kwa chumvi, pamoja na pecorino, jibini la maziwa ya kondoo, na pilipili manga. Ongeza nyanya, imekuwa amatriciana. Badala ya nyanya weka mayai, imekuwa carbonara, ambayo haina malai hata tone. Ondoa nguruwe ubaki na jibini na pilipili manga, umepata cacio e pepe.

Hii ya mwisho ndiyo rahisi kwa kuitaja na ngumu kwa kuipika, na inafaa uitazame kwa makini inapowekwa mbele yako. Mpishi hutumia maji yale yale yaliyochemshia tambi, yenye wanga, akayakoroga na jibini lililokunwa mpaka yanakuwa uji mzito unaong'aa na kushika kila uzi. Ikifika, mvuke bado unapanda, chembe za pilipili manga zinaonekana nyeusi juu ya weupe, na ukichota kwa uma mchuzi haudondoki bali hunyooka pamoja na tambi. Subiri dakika tano ukipiga picha, na jibini litashikana kuwa donge na harufu itapungua. Kwa hiyo anza kula mara chakula kinapofika, hata kama mwenzako hajaletewa chake. Ni yeye mwenyewe, kwa adabu yao, atakayekuhimiza.

Kisha kuna robo ya tano. "Trippa alla romana" ni matumbo ya ng'ombe yaliyochemshwa hadi yakalainika, yakapikwa kwa nyanya, yakatiwa mnanaa wa porini na kunyunyiziwa pecorino juu. Ladha ya nyanya na matumbo utaijua. Mnanaa ndio utakaokushtua, na ukishauzoea utajiuliza kwa nini sisi hatuuweki. "Coda alla vaccinara" ni mkia wa ng'ombe uliopikwa kwa saa nyingi na nyanya na mabua mengi ya seleri mpaka nyama inajitenga na mfupa. Mkia huu huliwa kwa mkono katika trattoria nyingi, na mtu aliyezoea kumung'unya mfupa asijizuie. "Pajata" ni utumbo mwembamba wa ndama anayenyonya, ukiwa na maziwa yaliyoganda ndani. Ulipigwa marufuku wakati wa hofu ya ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe na kuruhusiwa tena mwaka 2015. Si wa kila mtu, na ni vyema kuujua kabla ya kuuagiza.

Kwa asiyekula nguruwe au asiyekunywa

Sehemu hii naiandika kwa urefu kwa sababu nimeona wasafiri Waislamu wakipata taabu ambayo swali moja lingeiepusha. Kati ya zile tambi nne, tatu zina nguruwe, na amatriciana ndiyo hupoteza watu zaidi, kwa kuwa kwa macho ni mchuzi wa nyanya mtupu. Nguruwe hujificha pia katika maharage na kunde mbichi, katika mchuzi wa nyama ya kusaga, katika vijazio vya mboga, na hata ule mkia wa ng'ombe mara nyingi huanza kukaangwa kwa mafuta yake. Maneno ya kuyakariri ni maiale, guanciale, pancetta, prosciutto, salsiccia, lardo na strutto. Yote ni nguruwe au mafuta yake. Uliza waziwazi: "C'è maiale?", ambayo husomwa "che maiale", yaani kuna nguruwe? Usiombe waondoe guanciale kwenye carbonara, kwa maana mafuta yake ndiyo msingi wa mchuzi. Agiza kitu kingine.

Divai nayo hutiwa katika mapishi mengi ya nyama, basi ulizia hilo pia kwa kusema "C'è vino?". Nyama ya trattoria ya kawaida si ya kuchinjwa kwa taratibu za Kiislamu, na kwa anayeshika hilo njia iliyo salama ni samaki, mayai na mboga. Tambi ya nyanya na majani ya mrehani, "al pomodoro", hupatikana karibu kila mahali. Kwa mwenye kuchunguza zaidi, ajue kwamba pecorino romano hugandishwa kwa kimeng'enya kitokacho tumboni mwa mwanakondoo, na kila mtu atafuata fatwa anayoiamini.

Kuna njia nyingine ambayo wageni wachache huifikiria. Mtaa wa kale wa Wayahudi, uliozungushiwa ukuta mwaka 1555 kwa amri ya Papa, bado una migahawa inayofuata sheria za Kiyahudi za chakula, hivyo nguruwe haingii jikoni kabisa. Ni pale pale palipozaliwa "carciofi alla giudia", artichoki nzima inayokaangwa mara mbili katika mafuta mengi mpaka majani yake yanafunguka na kukauka kama chipsi, huku moyo wake ukibaki laini. Divai huuzwa pale, lakini hulazimiki kuinywa.

Mwenye mzio anayo haki ya kisheria: tangu Desemba 2014 sheria za Umoja wa Ulaya huwataka wauza chakula kuwajulisha walaji kuhusu vizio 14 vikuu, kama karanga, mayai, maziwa na ngano. Omba "lista degli allergeni". Na kinyota kidogo kando ya jina la chakula humaanisha kwamba kimetokana na bidhaa iliyogandishwa kwenye friza.

Wakati wa kula

Tambi ndefu usizikate kwa kisu. Zungusha chache kwenye uma ukiuegemeza ukingoni mwa sahani, na usiwe na haraka. Tambi zitakuwa na kiini kigumu kidogo katikati, na hivyo ndivyo zinavyotakiwa kuwa. Usiombe jibini juu ya tambi za samaki. Na ule mkate niliosema uuache: tambi zikiisha, chukua kipande kidogo ufute mchuzi uliobaki kwenye sahani. Wao huita "fare la scarpetta", na katika trattoria ni sifa kwa mpishi. Sisi tunaomalizia mchuzi kwa tonge la ugali tunaijua raha hiyo tangu utotoni.

Kahawa huja baada ya kitamutamu, si pamoja nacho, nayo ni ya kikombe kidogo isiyo na maziwa. Kapuchino ni ya asubuhi. Ukiiomba usiku utaletewa, ila mhudumu atajua umetoka mbali.

Bili

Bili haiji mpaka uiombe. Kuileta bila kuombwa kwao ni kumfukuza mgeni, kwa hiyo ukikaa saa nzima ukisubiri, kosa si la mhudumu. Mtazame, sema "il conto, per favore", au nenda kaunta ukalipe. Soma kila mstari. Neno "servizio" ni ada ya huduma iliyokwisha kujumlishwa, na bakshishi si lazima; wenyeji huacha sarafu chache wakiridhika. Kulipa "alla romana" ni kugawana bili sawasawa kwa idadi ya watu. Kadi hupokelewa, na tangu tarehe 30 Juni 2022 mfanyabiashara anayeikataa anaweza kutozwa faini, ila noti chache mfukoni huokoa muda mashine inapokwama.

Jihadhari na samaki mzima na nyama ya kupimwa. Jioni moja, katika mgahawa wa pwani, niliagiza samaki kwa kuona bei ndogo kuliko ya tambi, nisione neno "l'etto" lililoandikwa kando yake. Etto ni gramu 100. Samaki wangu alikuwa na zaidi ya gramu 800, na bili ikazidi mara nane ya nilichotarajia. Tangu hapo nikiona neno hilo, au herufi "s.q." zinazomaanisha kulingana na kipimo, naomba samaki aletwe mezani akiwa mbichi, apimwe, na niambiwe jumla: "Quanto viene in tutto?" Swali hilo halimuudhi mtu yeyote, na wenyeji huliuliza pia. Vivyo hivyo chakula kinachotajwa kwa mdomo bila bei. Kiulizie bei kabla ya kukubali.

Ungali pale kaunta, ukiwa umekipenda chakula, ndipo mahali pazuri pa kuwekesha meza ya Jumamosi kwa ajili ya matumbo. Taja siku, saa na idadi ya watu, kisha omba kalamu uliandike jina lako mwenyewe katika daftari lao, kwa sababu majina yetu huwatatiza kuyasikia kwa simu.